Nilitumwa nimtoe mpwa wangu kwa Biology, omena mmoja akaniaibisha

Wakuu, salaam kutoka Migori. Hii ni kweli tupu. Ingekuwa uongo ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi niliacha shule Form Two nikafuata lori la mahindi hadi Isebania. Tangu hapo nimebadilisha pesa mpakani, nimebeba samaki Mfangano, nimechimba dhahabu wiki mbili. Kwa familia yetu hiyo inaitwa exposure.

Ndiyo maana mpwa wangu Atieno alipopata B plus Form Four na kusema anataka degree ya Biology, dada yangu, mama yake, alinipigia mimi. Dada alitaka asome nursing.

"Wewe umetembea. Mwambie huyo mtoto hakuna mtu huandikwa kazi ya kuhesabu miguu ya panzi. Portal ya kuchagua kozi za university inafungwa Jumatatu."

Nikakubali. Mtu wa Form Two, career guidance. Chekeni tu.

Jumapili nikampeleka Karungu, kule ziwani, mahali nilifanya biashara ya omena, yaani dagaa, miaka minne. Nilitaka aone kwamba ziwa halihitaji degree. Akina mama walikuwa wanaanika omena kwenye nyavu, mimi napita katikati kama chifu.

Nikaanza lecture. Omena ni watoto wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa, nikamwambia. Wakiachwa, wanakuwa mbuta. Nikaongeza kwamba hayo sikuyasoma kwa kitabu.

(Hapo nilisema ukweli.)

Atieno alinisikiza kwa heshima. Kisha akamwomba Mama Awuor, yule niliyekuwa nikinunua kwake zamani, omena mmoja mbichi, mnene. Akampasua tumbo kwa kucha. Ndani mayai yamejaa, kama unga uliosagwa vibaya.

"Uncle, huyu mtoto amepata mimba lini?"

Mama Awuor alicheka hadi akashika kiuno. "Omera, ndugu yangu! Miaka minne unaambia customers ni watoto! Mayai nilikuwa naona kila siku, nikadhani wewe unajua kitu."

Wakuu, nimekula omena tangu niote meno. Sikuwahi kuangalia ndani hata mara moja.

Nikaketi juu ya beseni nikaanza kupasua. Huyu ni dume? Wanakula nini? Wanataga wapi? Maswali mengine Atieno alijibu. Mengine alisema, "Sijui, uncle. Ndiyo maana nataka kwenda."

Mimi nisipojua kitu huwa nahama mji.

Nikampigia dada, nikamwambia nimeshindwa, amwache msichana achague. Akanijibu: "Nilikutuma umtoe mmoja kwa Biology. Sasa nina wawili."

Atieno yuko first year. Hunitumia picha za notes, na nimekwama kwa cell membrane wiki ya tatu. Dada bado hunisalimia akiwa ndani ya gate, bila kunifungulia.

Nilichojifunza: kabla umkataze mtoto njia, pasua kwanza kile unadhani unakijua.

Kama atapata kazi, sijui. Kwa hivyo mliosoma Biology, siku hizi mnafanya nini? Semeni ukweli, lakini polepole. Majibu nitamsomea dada pale kwa gate.