Mawe ya Mizani ya Marehemu

Mama yangu ana miaka sabini na mbili na anainua vyuma. Majirani wanasema uzee umempanda kichwani.

Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Walipompima, daktari akasema mifupa yake imekuwa myepesi, na isipobebeshwa mzigo itazidi kudhoofika. Akampeleka kwa mwalimu wa mazoezi palepale hospitali, mama mmoja mfupi mwenye mabega ya mchukuzi.

Kaka yangu alikuwa na dawa yake: mama ahame. Anaishi peke yake ghorofa ya tatu, juu ya lililokuwa duka la nafaka la yeye na marehemu baba. Kaka alishamwandalia kitanda nyumbani kwake, chumba kimoja na mama mkwe wake.

"Nikalale na yule bibi anayekoroma kama mashine ya kusaga?" mama akasema. "Bora nivunjike shingo kwangu."

Wakakubaliana mbele ya mwalimu. Baada ya miezi sita, mama akiweza kuinua kilo kumi kutoka sakafuni hadi mezani mara tano, abaki kwake. Akishindwa, ahame bila maneno.

Vyuma hakununua. Alivuta uvunguni mawe ya mizani yaliyobaki duka lilipofungwa. Alianza na la kilo moja, akapanda taratibu hadi mawili ya kilo tano tano ndani ya mfuko wa turubai. Siku tatu kwa wiki, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa, aliinua na kushusha mbele ya picha ya baba ukutani.

"Hesabu, mzee," alimwambia. "Wewe kazi yako ilikuwa kupima tu. Magunia nilibeba mimi."

Ilikuwa kweli. Nilikaa kwenye kochi nikimtazama, nikiwaza magoti yangu, ambayo yameanza kulalamika kabla hata sijafika hamsini.

Siku ya mtihani alivikataa vyuma vya hospitali. "Nimezoea vyangu." Akauinua mfuko mara tano, akashika kiuno, akamwangalia kaka kama anayesubiri kuombwa radhi. Mwalimu akauweka mfuko kwenye mizani.

Kilo nane na robo.

Akaupima tena. Nane na robo.

Mama akatoa jiwe moja, akaligeuza. Chini lilikuwa limetobolewa shimo refu la kuingia vidole vitatu, likazibwa kwa nta na kupakwa rangi nyeusi. Akaikwangua nta kwa ukucha. Nilikumbuka mkono wa baba ukiliweka jiwe lile kwenye mizani, polepole, kwa uangalifu wa mtu mwaminifu sana.

"Mshenzi," mama akasema, karibu kwa mapenzi. "Miaka thelathini anawapunja watu maharage, leo anataka kunipunja na nyumba yangu."

"Basi, mama," kaka akadakia, "makubaliano ni makubaliano. Haikufika kumi."

"Nyamaza. Wewe umekuzwa kwa hizo kilo zilizopungua."

Akachukua chupa ya maji ya mwalimu, ya lita mbili, imejaa, akaitumbukiza mfukoni. Mizani ikasoma kumi na robo. Mwalimu akamwomba arudi kesho. Akakataa, akakaa dakika tano, akasimama.

Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu uso ukamkunjamana. Ya nne mikono ikaanza kutetemeka, mwalimu akasogea karibu. Ya tano mfuko ulikwama usawa wa mapaja.

"Panda, mwizi mkubwa we," akauambia.

Ukapanda.

Kaka ndiye aliyeubeba hadi garini. Kwenye ngazi za kwake mama alitangulia. Nilimkuta ameshaigeuza picha ya baba, uso ukutani.

"Kuanzia leo nahesabu mwenyewe," akasema. Kisha akaniangalia nilivyokuwa nikihema mlangoni, akanisukumia jiwe dogo kwa mguu. "Na wewe anza na hilo la kilo moja, mwanangu. Najua halifiki, lakini kwa magoti hayo linakutosha."