Choo Kisichotajika Mbele ya Mkwe

Tangu ule mkutano wa kwanza sijatulia. Nikikaa dakika mbili nainuka, nafagia mahali nilipokwisha fagia, mpaka binti yangu ananiambia, mama, utachimba uwanja na huo ufagio. Basi nimechukua daftari. Labda mkono ukipata kazi miguu itapumzika. Shule nilifika darasa la pili, ukubwani nikajifunza tena kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo mwandiko wangu unapanda mlima na kushuka. Mtanisamehe.

Jambo lenyewe ni choo. Nalisema mapema msije mkadhani nawazungusha.

Huku kwetu Buhare wanataka kujenga ukumbi wa watu wote, wa mikutano, wa kliniki ya wazee, wa harusi, wa vijana kucheza ngoma zao. Kiwanja kipo, kile cha wazi kinachoteremkia upande wa ziwa. Na safari hii wakasema sisi wananchi ndio tutakaosema nyumba iweje. Zamani tulikuwaga tunaitwa kuchimba msingi tu. Tunachimba, tunabeba mawe kichwani, na siku ya kufungua tunafokewa tusiguse rangi. Sasa wametuletea binti mmoja wa ramani kutoka Mwanza, kavaa suruali na viatu vya shamba, mpole, anakusikiliza mpaka unaona aibu kunyamaza.

Mimi nilikuwa na neno moja tu. Magoti yangu yameisha. Ni dagaa hao. Miaka na miaka unachuchumaa juani unawageuza, unawatoa mchanga, unawafukuzia kunguru, na jioni unainuka kwa kujishika kiuno. Siku hizi nikichuchumaa ndiyo nimefika, siinuki bila mtu. Nyumbani nina kiti cha plastiki nimekitoboa tundu katikati, nakiweka juu ya shimo, mambo yanakwenda. Lakini nikitoka siwezi kukibeba kichwani watu wanione. Kwa hiyo nikitoka sinywi maji. Kanisani sinywi, msibani sinywi, kliniki ya presha sinywi, na daktari anagomba kwamba nisiponywa maji nitaanguka. Nitamwambia nini? Yeye mwenyewe ni kijana, na choo cha pale kliniki ni kile cha kuchuchumaa.

Ukumbi ukijengwa na choo cha namna hiyo, huo si wangu. Nitausikia muziki wake kwa mbali tu.

Sasa, anayeandika maoni ya wananchi ni katibu wa kamati ya ujenzi. Na katibu ni mkwe wangu, mume wa huyo binti yangu.

Wasiokuwa wa kwetu watauliza, mkwe ndiyo nini. Kwetu mama mkwe na mkwe hawasogeleani. Hampeani mkono, hamli pamoja, njiani mmoja anapisha. Mimi nilizaliwa upande wa Butiama, na namkumbuka mama yangu siku moja anarudi kisimani, akamwona mume wangu anakuja na baiskeli. Mama akaingia kwenye mtama akalala chini. Mume wangu naye, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno, akakutana na mwenzake palepale wakaanza kuongea habari za ng'ombe aliyevunjika mguu. Wakaongea, wakaongea. Mama kule chini kalalia njia ya siafu. Hakutoa sauti. Alirudi nyumbani amevimba mpaka masikio, na kitu alichosema ni kwamba mkwe wake ana sauti nzuri.

Siku hizi tumelegeza. Mkwe wangu ananisalimia kwa mbali akiangalia pembeni, nami naitikia nikiangalia kuku. Kanisani wanatuambia hayo yamepitwa, na walokole wanakumbatiana na wakwe zao mchana kweupe. Mimi sijaweza. Sisemi ni vizuri, nasema sijaweza. Na kama salamu tu inanishinda, nitasimamaje mbele yake niseme choo? Tena aandike. Tena pengine aniulize, mama, choo cha namna gani.

Mkutano wa kwanza ulifanyika darasani. Yeye alikuwa mbele na karatasi kubwa ukutani na kalamu nene, kwa hiyo mimi sikuingia. Nilikaa nje chini ya dirisha, na kila alipohamia upande huu nikahamia upande ule, ili nisikie bila kuonekana. Nadhani nililizunguka lile darasa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ndani wanasema, jukwaa liwe kubwa. Anaandika. Wengine wanasema, geti liwe pana, gari la bibi harusi liingie. Anaandika. Hakuna aliyesema choo.

Nilikuwa nimepanga na jirani yangu, mjane mwenzangu, magoti yake ni kama yangu. Alikubali kunisemea. Nikamsikia anasimama, nikajua sasa kazi imekwisha. Akakohoa. Akaomba viti vya plastiki vyekundu na spika mbili, visiwe vya kukodi, viwe vya mtaa. Watu wakampigia makofi.

Alipotoka nilimngoja njiani.

"Spika, dada?" nikamwambia.

"We mama, acha. Nilisimama, wakanitazama wote. Nikisema choo watasema mimi ndiye najikojolea."

"Na si unajikojolea?"

"Kidogo. Kwani wewe?"

Tukacheka mpaka tukashikana. Halafu kila mtu akaenda kwake, na kucheka kukaisha.

Nikamjaribu binti yangu. Nikamwambia, wewe si unalala naye, mwambie. Akashika kichwa. Akasema atamwambiaje baba watoto kwamba mama yake mzazi anataka hiki na hiki, mwanaume si atashindwa hata kula mezani kwake. Ni kweli. Mimi ndiye niliyemlea hivyo, nimlaumu nani.

Basi nikaenda Bunda kwa dada yangu mkubwa. Jioni ya kuamkia safari sikunywa, na asubuhi sikunywa. Dada yangu ameolewa huko tangu usichana, pamba na ng'ombe ndiyo maisha yake. Naomba niseme kidogo juu yake. Huyu ndiye alikuwaga anachezea ngoma ya harusi mpaka wenye harusi wanasahaulika. Akisikia ngoma ng'ambo ya mto anavuka. Nilimkuta amekaa ubarazani, mnene, ngozi imepauka kwa kukaa ndani, simu iko mapajani. Habari zote anazo, za nani kafa na nani kaoa, lakini zote za simu. Nikamuuliza mbona kanisani wanasema hawamwoni. Akaniambia miguu. Nikamuuliza miguu au choo. Akatazama kama kuna mkwe karibu, halafu akajibu polepole.

"Mdogo wangu, mimi nimeshamaliza kutoka."

Alisema kama mtu anayesema nimeshamaliza kula. Hakulia wala nini. Nilikuwa nimekuja kumwomba ushauri wa namna ya kumfikishia mkwe neno, na nadhani alinipa, aliniambia nitafute mzee wa ukoo, nipeleke kuku, sijui nini. Sikusikia vizuri. Niliangalia ile simu mapajani nikaona kiti changu chenye tundu, na mimi juu yake, mpaka siku ya kubebwa. Nilipanga kulala siku tatu. Nililala moja.

Nilirudi na wasiwasi mbaya zaidi ya ule niliokwenda nao. Usingizi ukawa haba. Nikawa napita pale kiwanjani kila siku kama nimeweka mtego.

Sasa yule binti wa ramani alikuwa ameona jambo. Aliona kwamba akitundika karatasi yake, wazee wanaitikia ndiyo, ndiyo, na hakuna anayeielewa. Mistari tu. Kwa hiyo akasema tutaichora nyumba yenyewe chini, kwa ukubwa wake, ili kila mtu atembee ndani yake. Wachoma samaki wakaleta majivu kwenye debe. Siku hiyo watu walijaa. Vijana walishika kamba, wengine wakamwaga majivu kufuata kamba, na nyumba ikatokea juu ya nyasi: mlango hapa, jukwaa kule, ofisi, stoo ya viti. Watu wazima walikuwa wanabisha hodi kwenye majivu. Jirani yangu aliingia, akachagua mahali pa spika zake.

Mkwe wangu alikuwa ndani na daftari. Mimi nilisimama nje ya mstari. Ukuta haupo, mtoto angeweza kuupuliza, lakini nilisimama nje.

Halafu nikauliza watu choo kiko wapi. Wakaninyooshea kidole chini kabisa ya mteremko, karibu na yale mawe. Kulikuwa na kijumba cha majivu kama cha kuku. Binti wa ramani akatangaza kila mtu atembee kila mahali, aone kama panamfaa. Basi nikatembea. Nilishuka na fimbo yangu, pole pole, natanguliza goti zuri. Nikafika, nikasimama kwenye kile kijumba, nikageuka. Kupanda ndiko kulikonishinda. Nilipumzika mara ya kwanza, mara ya pili, na nilipoinua macho nikakuta watu wote wananitazama. Walikuwa wamemaliza nyumba yao. Wananingoja mimi.

Hapo sijui nini kilinipata. Nisiwadanganye kwamba nilipanga. Debe la majivu lilikuwa limebaki robo, pembeni ya ukuta wa ukumbi. Nikalichukua. Nikachora chumba kidogo kimegusana na ukumbi, mstari umepinda kama mwandiko wangu. Nikakiachia mlango. Binti wa ramani akanisogelea akaniuliza hiki ni nini, mama. Nikafungua mdomo. Mkwe wangu alikuwa umbali wa kutemea mate, kalamu iko juu ya daftari, anangoja neno. Neno halikutoka.

Kulikuwa na kigoda alichokuwa amekalia mwenyekiti wa mtaa, kainuka kidogo kuongea na simu. Nikakichukua, nikakiweka katikati ya kile chumba changu. Nikakunja gauni vizuri, nikakaa. Nikaegemea fimbo yangu, nikatazama ziwa.

Halafu bibi mmoja nyuma akaguna, akasema haya sasa, tumeelewa. Watu wakapasuka kwa kicheko. Jirani yangu ndiye aliyepaza sauti, sasa hivi ujasiri umempata, kwamba ndiyo, na mimi nataka cha kukaa, na wazee wote wanataka cha kukaa, andika. Na watu walipogeuka kumtazama wa kuandika, mimi nami nikageuka. Macho yetu yakakutana.

Mkwe wangu ameniona nimekaa chooni. Hicho ndicho kilichotokea, sina namna nyingine ya kukisema. Yeye akafunga daftari, akavuka mstari mahali ambapo hapana mlango, akaondoka kwa njia ya barabarani. Hakukimbia. Lakini hakuaga.

Wiki zilizofuata msiniulize. Alikuwa anapita kwangu kila Jumamosi kuangalia paa na mabomba, kwa mbali, anaacha kitu anaondoka. Hakupita. Nilimpelekea kuku, jogoo mwekundu, ndiyo faini ya mtu aliyevunja heshima. Binti yangu akasema jogoo amefika, amefungwa mguu, mwenye nyumba hajasema achinjwe wala arudishwe. Na mimi jambo lililoniuma, niseme ukweli, siyo aibu. Ni kwamba sikujua kama aliandika. Alifunga daftari. Nilijidhalilisha mbele ya kata nzima na pengine kwenye karatasi hakuna kitu.

Mkutano wa kusoma muhtasari ukaitwa, darasani palepale. Nikarudi kwenye dirisha langu. Yeye akasoma. Sauti yake nzuri kweli, mama asingemkosoa. Akasoma jukwaa, akasoma geti, akasoma viti vyekundu na spika mbili. Kisha nikasikia karatasi inageuzwa.

"Wazee wameomba choo cha kukaa," akasoma. "Kiwe kimeshikana na ukumbi, sakafu isiwe na ngazi. Kiwe na vyuma vya kushikia ukutani, pande zote mbili, chuma cha kulia kiwe chini kidogo ya cha kushoto."

Mtu mmoja akauliza kwa nini cha kulia kiwe chini. Akajibu ndivyo wazee walivyoomba, akaendelea na ajenda ya maji.

Hakuna mzee aliyeomba hivyo. Mimi sijawahi kumwambia mtu habari ya vyuma, sikujua hata kama vipo. Lakini mkono wangu wa kulia haupandi juu. Niliuangukia siku moja, mwaka ule wa mvua, haujawahi kupona sawasawa, na sijawahi kuuzungumza kwa sababu kwetu uzee hauna orodha.

Nilimwuliza binti yangu, ulimwambia wewe? Akasema hapana.

"Basi kajuaje?"

"Mama, na yeye ana macho."

Hana ruhusa ya kunitazama, nilimwambia. Akacheka, akaendelea kuchambua mchicha.

Choo hakijajengwa. Ukumbi wenyewe haujajengwa, kamati inabishana kama ukuta wa choo utaleta harufu kwenye harusi, na mwenyekiti anasema labda kisogezwe kidogo. Kidogo ni kiasi gani, hasemi. Jumamosi ijayo wanakutana tena. Nitakuwa dirishani. Na wakikisogeza nitaingia.