Kabla Hujafunga Tabo, Mwaga Maji

Nakumbuka mama yako akishuka garini katikati ya mpando wa kutoka Mlalo, mkono mmoja kiunoni, mwingine begani kwangu, na ujauzito wa mdogo wako Tumaini ukiwa mzito kiasi kwamba alihema hata kwa kusimama. Gari la babu yako lilikuwa limegoma. Halikuzima. Lilinguruma pale pale, likatetemeka, kisha likaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, mpaka babu yako akakanyaga breki na kusema kwa ile sauti yake ya kutotaka kumuudhi mtu, "Jamani, lipunguzieni uzito kidogo."

Tukatembea. Gari likapanda tupu mbele yetu kama mzee anayepanda ngazi, nasi nyuma, mama yako akisimama kila baada ya hatua chache. Wanawake wawili wenye mizigo ya kuni kichwani wakatupita. Mmoja akageuza shingo, kuni zisianguke, akaniambia, "Injinia! Tutangulie tukawaambie hospitali kwamba mnakuja?"

Wakacheka. Babu yako akacheka. Mama yako naye akacheka, huku ameshika kiuno. Mimi sikucheka, na usiku ule na siku nyingine nyingi zilizofuata nililitafuna lile neno kama mtu anayetafuna mfupa usio na nyama.

Mwanangu Imani, najua umri wetu haujapishana sana, na pengine hapo uliposoma "mwanangu" umetabasamu. Lakini mimi ni dada wa baba yako, na kwetu shangazi ni baba aliyevaa khanga, kwa hiyo nivumilie. Juzi uliniandikia kwenye simu, "Shangazi, ile tabo bado unayo? Gari langu halina nguvu, nataka kulifungia." Nilianza kukujibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta tena. Neno moja la kwenye simu lisingetosha. Ndiyo maana nimekaa niandike hivi, polepole, maana mwenda pole hajikwai.

Wakati ule nilikuwa nimerudi kutoka chuo na shahada yangu ya uhandisi wa mitambo, sina kazi. Kijiji kizima kilijua nimesomea injini. Na kijiji kizima kilijua gari la baba yangu linasukumwa. Mganga hajigangi, walisema, na wengine waliongeza kwamba gari lile lina shahada lakini halina nguvu. Wewe ulikuwa bweni Korogwe, hukuyasikia. Baba yako alikuwa Tanga kazini. Gari lile ndilo lililotegemewa kumpeleka mama yako Lushoto siku ikifika, na mvua za masika zilikuwa zimeshaanza kuilainisha barabara. Kila nikifumba macho nilimwona akishuka tena kwenye ule mpando, safari hiyo akiwa na uchungu.

Basi nikasema dawa ni tabo. Wewe unaijua, lakini niiseme kwa faida ya yeyote atakayeisoma barua hii begani kwako: injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe, kama mtu anavyopumua. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo ikizunguka huisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingejivutia. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Rafiki yangu niliyesoma naye alinitafutia moja Tanga, iliyong'olewa kwenye gari lililopata ajali. Ikaja kwa basi ndani ya kiroba. Niliisafisha hadi ikang'aa, nikaiweka juu ya meza ya sebuleni, na mama yangu akaifunika kwa kitambaa cha kufumwa kama anavyofunika redio.

Nikamwomba ruhusa babu yako. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma. Mimi kazi yangu ni kulitia mafuta na kuliombea."

Ile imani yake ilinielemea kuliko kicheko cha wale wa kuni.

Nilipiga hesabu. Unanijua. Nilizipiga asubuhi, nikazirudia jioni. Na hesabu ziliniambia jambo ambalo nawe lazima ulijue: injini iliyoundwa kujivutia hewa yenyewe huwa imeundwa kuibana hewa hiyo kwa nguvu sana. Ukiisukumia nyingine juu yake, joto linapanda, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga, na usipoisikia inakata gasketi au inavunja pistoni. Nililijua hilo. Lakini nilijiambia nitasukuma hewa kidogo tu. Kidogo tu, mpaka mtoto azaliwe. Hofu ikikaa na aibu kwenye kiti kimoja, hakuna hesabu inayotoka salama.

Siku niliyokusudia kuifunga ilikuwa Jumapili alasiri. Nilikuwa uani, boneti juu, spana zimepangwa juu ya gunia, babu yako amekaa kwenye kigoda akinitazama. Akaingia mjomba wangu Naftali, kaka yake mama, ambaye ameongoza bendi ya tarumbeta ya usharika wetu tangu sijazaliwa. Alikuwa anatoka mazoezini na amebeba lile tarumbeta la besi nililokuwa nikilipiga nikiwa msichana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Nasikia unataka gari la shemeji yangu lipulizwe."

"Ndiyo, mjomba."

"Vizuri. Lakini kabla hujapuliza la chuma, nipulizie hili la shaba. Beti moja tu. Mpiga besi wangu kaenda kuvuna viazi, nami nataka kusikia kama chuo kilikuachia kifua."

Sikutaka. Mikono yangu ilikuwa na oili, na akili yangu ilikuwa ndani ya injini. Lakini mjomba ni mjomba. Nikafuta mikono, nikalipokea, nikapuliza. Ikatoka sauti ya ng'ombe aliyekwama kwenye tope.

"Ongeza pumzi," akasema.

Nikaongeza. Ng'ombe akazidi kuzama.

"Ongeza, injinia!"

Nikapuliza mpaka midomo ikafa ganzi na macho yakatoka machozi. Babu yako alikuwa ameinama kwenye kigoda, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mjomba akalichukua tarumbeta, akabonyeza kile kifuniko kidogo cha springi kilicho chini ya bomba, akaliinamisha. Maji yakamwagika kwenye vumbi, yale maji ya pumzi yanayojikusanya ndani mtu akipiga kwa muda mrefu. Alikuwa amelipiga tangu ibada ilipokwisha bila kuyamwaga, yeye ambaye alikuwa akitufukuza mazoezini kwa kosa hilo hilo! Kisha akaliweka mdomoni na kupuliza taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. Sauti ikatoka nzima, ikavuka bonde, na mbwa wa ng'ambo wakaijibu.

"Pumzi ulikuwa nayo," akaniambia. "Mtu akikosa sauti, kila anayepita humwambia aongeze pumzi. Nani amewahi kumuuliza kilichomziba?"

Nikakasirika, mwanangu. Nikamwambia, "Mjomba, gari si tarumbeta."

"Sijasema ni tarumbeta. Injini mimi sijui hata inaanzia wapi. Ndiyo maana nakuuliza wewe unayejua." Akavuta gunia langu, akaketi kando ya spana, na sauti yake ikashuka. "Niambie jambo moja. Hii haraka ni ya mke wa kaka yako, au ni ya wale wanawake wa kuni?"

Nikaokota spana na kuanza kuifuta.

"Kama ni ya mke wa kaka yako, nipe spana nikushikie. Kama ni ya wale wa kuni, kesho watakuwa na neno jingine. Utafunga tabo ngapi?"

Akanyanyuka, akambebesha babu yako salamu za kumpa mama yangu, akaenda zake akipiga taratibu njiani. Nikabaki nimesimama mbele ya boneti. Hasira ilipopungua niligundua kwamba swali lake la pili, la haraka ni ya nani, liliniuma kwa sababu nililijua jibu, na la kwanza, la kilichoziba, liliniuma kwa sababu sikulijua.

Nikamgeukia babu yako. "Baba, hili gari limekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Kushindwa kupanda."

"Aa, lilikuwa linapanda! Nilibeba kwaya hadi Lushoto, wamebanana, wanaimba sauti zote nne. Halikuwahi kushusha mtu. Limechoka tu mwaka huu, kama mimi."

Hebu fikiria. Nilikuwa nimejaza karatasi kwa hesabu za gari ambalo sikuwahi kuuliza habari zake. Nililichukulia kama dhaifu wa kuzaliwa. Kuuliza si ujinga, tunaimbishwa tangu shule ya msingi, halafu tunapata shahada na kuusahau wimbo.

Nikamwomba aliwashe na kukanyaga mafuta, nami nikaenda nyuma na kuweka kiganja kwenye bomba la moshi. Injini ilinguruma kwa nguvu, lakini upepo uliogusa kiganja changu ulikuwa hafifu, kama wa mgonjwa. Gari lilikuwa linavuta pumzi vizuri, likishindwa kuitoa. Nikaifungua sailensa, lile pipa dogo la kupunguza kelele lililo kwenye bomba la moshi chini ya gari, ambayo kwa nje ilikuwa na kovu la jiwe ila ikionekana nzima, nikaitikisa. Vyuma vikagongana ndani. Vibati vyake vilikuwa vimekatika na kulala vikiziba njia. Kama ningefunga tabo siku ile, ningekuwa naisukumia hewa injini iliyokabwa koo, na mama yako angekuwa amelala kwenye kiti cha nyuma.

Fundi wa pale Mlalo alituchomea nyingine keshokutwa yake. Nilisafisha chujio la hewa, nikabadili plagi, nikalijaribu gari nikiwa nimepakia magunia ya kabichi ya babu yako. Likapanda. Halikupanda kwa fahari, lilipanda tu.

Siku ya mama yako ilikuja asubuhi yenye ukungu na mvua nyembamba. Babu yako aliendesha, mimi nilikaa nyuma nimemshika. Tulipofika pale tuliposhuka mara ya kwanza, nilibana meno na kusikiliza kila mlio. Mama yako alikuwa amefumba macho kwa uchungu. Akayafungua, akatazama nje, akapatambua.

"Wifi," akasema, "mbona huniambii nishuke?"

Nikalia pale pale, naye akanicheka katikati ya uchungu wake. Tumaini alizaliwa hospitali kabla ya adhuhuri. Siku ya ubatizo mjomba Naftali alipiga besi mwenyewe, na kabla ya kuanza aliliinamisha tarumbeta, akamwaga maji mbele ya kanisa, akanitazama. Mpaka leo, kila nikimwona Tumaini akikimbia na begi lake la shule ya awali, namshukuru mzee yule kwa kunitia aibu kwa wakati. Wazee wengine hukucheka baada ya kuanguka. Yeye alinicheka nikiwa bado nimesimama.

Sasa wewe. Tabo bado ninayo, iko chini ya kitanda changu imefungwa kwenye khanga, na ninaituma kwa basi pamoja na barua hii. Sikukatazi, kwa kuwa tabo si kitu kibaya, na ipo siku gari lako litaistahili. Ila usiifunge kwa hasira. Kwanza lijue gari lako lilivyokuwa kabla halijawa lako. Mtafute aliyekuuzia, umuulize. Safisha kilichoziba, kwa kuingia na kwa kutoka. Ukishaona ni zima na bado unataka zaidi, mtafute fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, akubadilishie pistoni zinazofaa, akupangie mafuta, oili na upoozaji vya kutosha, na usilijaribu mpandoni ukiwa na watu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sisi kwetu ukingo ni korongo.

Na usidhani nazungumzia gari tu. Utakapokwama, na utakwama, watu watakuambia uongeze: ongeza bidii, ongeza vyeti, ongeza mwendo. Nilipokosa kazi niliongeza yote hayo, na bado sauti yangu ilikuwa ya ng'ombe kwenye tope, hadi nilipokiri kwamba kilichoniziba kilikuwa woga wa kuchekwa. Nilikuwa siombi kazi nisije nikanyimwa. Siku nilipoumwaga ndipo nilipothubutu kubisha hodi kwenye gereji niliyopo leo. Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kuongeza chochote, jiulize kilichoziba. Na kabla ya kuharakisha, jiulize haraka hiyo ni ya nani.

Mungu akupe pumzi, Imani, na akupe kifua cha kuistahimili. Kila mpando utakaokukuta ukupitishe bila kumshusha mtu wako. Na siku ukitaka kuifunga tabo, kabla hujashika spana, liwashe gari, piga magoti nyuma yake, uweke kiganja kwenye bomba la moshi.