Vijiti vya Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa. Miaka thelathini ameinamia meza yake, lenzi jichoni, kibanio mkononi, akiokota skrubu ndogo kuliko chawa. Kisha kiharusi kikamkamata mkono wa kulia, na bila mkono huo hakuna fundi. Kibanda kikafungwa. Mtu akiulizia saa yake, mwenzangu anageukia ukutani.

Daktari akampa mpira wa kubonyeza mara mia kwa siku. Bwana mkubwa akaubonyeza mara mbili, akasema yeye si mtoto, ukaishia chini ya kitanda. Hongera zake.

Akajipa cheo cha mkulima. Shamba lenyewe ni kipande cha udongo nyuma ya jikoni, mkeka mmoja unakifunika chote. Akakilainisha kwa mkono mzima, akasia mbegu za nyanya, akanywa chai yake ameridhika. Asubuhi paka watano wa jirani yetu mwalimu wakaja kukagua, wakaona wamejengewa choo kipya. Wakafukua, wakajisaidia, wakafukia kwa adabu zao zote.

"Wapige mawe," nikamwambia. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

"Paka hajui kama hii ni bustani, mama watoto. Kaona udongo laini, afanyeje? Hapigwi mtu hapa."

Mtu! Haya, tukaanza kuwabembeleza hao watu. Akatandaza maganda ya limau. Wakayanusa, wakapiga chafya, wakahamia mstari wa pili. Akamwagia maji, eti paka hapendi kulowesha miguu. Kufika saa nne jua limeshakausha. Kila wakifukua, yeye anasia upya. Mkono wa kushoto ukachoka, akaanza kuusaidia kwa ule wa kulia bila kujijua. Nikamwona kupitia dirisha la jikoni. Vidole vilivyoshindwa kushika kijiko, leo vinachota udongo! Nikajitoa dirishani, nisije nikatia nuksi.

Mwishowe akapata dawa. Akachomeka vijiti kote, vimesongamana hata paka hapati pa kuchutama, na pembeni akawawekea beseni la mchanga. Wakahamia mchangani siku ileile, waungwana wale. Mshindi akaketi kitini, mkono wa kulia umelala pajani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Ya sita, kijiko kikamdondoka mezani. Nililia jikoni, nikavisingizia vitunguu.

Kesho yake alfajiri nikang'oa safu mbili za vijiti na kulimwaga lile beseni. Mimi, mtu mzima na wajukuu zangu, natembea kwa kunyata kwenye uwanja wangu mwenyewe. Paka hawakuniangusha. Akasia tena. Baada ya siku tatu nikarudia, naye akarudia. Mwezi mzima tukawa kwenye mchezo huo, akiwalaumu paka nami nikiwalaani kwa sauti kubwa zaidi.

Jana nimemkuta amepiga magoti, lenzi jichoni, anapanda mbegu mojamoja. Kibanio kiko mkono wa kulia.

"Paka wa siku hizi wana akili," akasema bila kuinua uso. "Wanang'oa vijiti, wanavifunga kwa kamba, wanaviegemeza ukutani."

Nikainama, nikajifanya naokota ganda la limau.

"Basi waambie," akasema, "kesho wang'oe na safu ya tatu."