Miwani Ndani ya Mchele

Juzi, sokoni Lewisham, huku ughaibuni tulikohamia, harufu ya gunia la mchele lililofunguliwa ilinikumbusha Bi Sopheap, jirani yetu aliyekimbia vita kwao Phnom Penh.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, alikuwa jikoni kwetu, akichambua mchele na mama, mvua ikipiga dirishani. Mlango ukagongwa. Alikuwa msoma mita ya gesi, amevaa sare na kofia. Bi Sopheap akavua miwani upesi, akaifukia ndani ya mchele, akainamisha kichwa huku akihema. Nilicheka, nikidhani anaona haya kuonekana mzee.

“Nyamaza!” mama akaninong'oneza.

Yule mtu alipoondoka, Bi Sopheap akasema polepole, “Mume wangu hakuvua yake.”

“Hata akilala?” nikamuuliza.

Sikujua kwamba kwao, siku zile, miwani ilitosha kumfanya mtu aitwe msomi, na wasomi waliuawa na watu wenye sare.

Mama alijua. Kaka zake wawili walichukuliwa nyumbani Unguja baada ya mapinduzi, wasirudi tena. Hakunigombeza. Alitia komeo mlangoni, akamshika Bi Sopheap mkono, wakakaa hadi giza likaingia, wala hakuna aliyewasha taa.