Midomo Wazi kwenye Tangi la Mwisho

Samaki aliyekufa kwa njaa hujulikana. Kichwa kinabaki kikubwa, mwili unakuwa kama uzi.

Wetu walikuwa wanakufa matumbo yamejaa.

Niliwaopoa kwa kijiko cha chai, maana vifaranga wa samaki si wakubwa kuliko punje ya mchele, na kila niliyemweka kiganjani alikuwa ameshiba. Ameshiba, halafu amekufa.

Ngoja niwasimulie. Mimi si muongeaji, hata nyumbani wananiita Bubu. Ila kuandika naweza.

Chuoni nilisomea ufugaji wa samaki. Nilipomaliza, baba mdogo akanichukua kwenye kituo chake cha kuzalisha vifaranga. Jengo moja refu, bati linalolia jua likiwaka, matangi ya saruji yaliyopangwa mstari, na pampu ya hewa inayokohoa kama mzee mvuta sigara.

Kituo hicho ndicho kinachotulisha. Baba alipofariki, mimi na mama tulihamia chumba cha uani pale pale, mama akawa anawapikia wafanyakazi.

Sheria ilikuwa moja: mama asiingie kwenye jengo la vifaranga.

"Shemeji, mikono yako ina sabuni na mafuta," baba mdogo alimwambia. "Tone moja tu, wanangu wote kwisha."

Mama akakubali. Mama hukubali kila kitu.

Mlangoni alikaa mlinzi tuliyemwita Jemedari. Kila asubuhi alisimama wima mbele ya matangi, akapiga saluti.

"Kikosi kipo?"

"Kipo," namjibu.

"Kuna mtoro?"

"Hakuna, afande."

Alikuwa mtu pekee pale niliyeweza kumjibu bila kutazama viatu vyangu. Mchana tukienda kula, ufunguo ulibaki kwake.

Tangi la kwanza lilikufa lote wiki ile umeme ulipokuwa unakatika hovyo. Hilo nilielewa. Pampu ikizimika, hewa inapungua majini.

Lakini umeme ukatulia, na vifo vikaendelea. Tangi la pili. La tatu. Asubuhi naacha maji safi, nikirudi kutoka kula nayakuta yana utando kama maji ya kuoshea vyombo, na chini kuna tope linalonuka yai viza.

Nikajikaza nikamwambia baba mdogo. "Kuna chakula kingi kinaoza chini. Kinamaliza hewa."

"Nani anawalisha?"

"Mimi. Na ninawapimia."

"Basi? Adui gani huyo anaingia kuwashibisha samaki wangu? Hiyo ni sumu, Profesa. Chuoni hawakuwafundisha sumu?"

Madereva wake wa kusambaza vifaranga wakacheka. Nikatazama viatu.

Mwisho likabaki tangi moja. Wakifa na hao, baba mdogo alisema, kituo kinafungwa na uani kila mtu atafute pa kwenda. Alisema hivyo mbele ya mama, wala hakupunguza sauti. Mama akaendelea kusugua sufuria.

Siku iliyofuata tulirudi kutoka kula, tukakuta utando juu ya tangi hilo. Vifaranga wamepanda juu wote, wanafungua midomo na kuifunga, kufungua na kufunga.

"Ufunguo mchana anakaa nao nani?" baba mdogo akauliza.

Kimenuka.

Walimburuta Jemedari mpaka katikati ya uwanja.

"Nani kakutuma?"

"Bosi, mimi sijatia kitu."

"Basi nani anaingia humo?"

Jemedari akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikommaliza. Baba mdogo na madereva wake wawili wakamshukia kwa bomba la plastiki, lile lile tunalobadilishia maji.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilijua si sumu. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nikaufunga. Nikaufungua tena.

Wakamfungia stoo wasubiri polisi.

Nikakimbilia ndani, nikachuchumaa nyuma ya tangi na kuanza kunyonya lile tope kwa mpira. Ndipo nikasikia kandambili. Mlango siku hiyo haukuwa na mtu.

Alikuwa mama.

Hakuniona. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya chakula, bila kuitafuta, kama mtu aliye jikoni kwake. Akachota unga gao zima la mkono. Tangi ambalo mimi nalilisha kwa ncha za vidole.

"Haya wanangu, fungueni. Aaah, hodari. Moja tena kwa ajili ya mama."



Maneno hayo niliyajua. Mama alimwambia hayo hayo mdogo wangu, kitindamimba wetu, wodini, kijiko kikiwa mkononi. Alimbembeleza mpaka kijiko kikapoa. Mdogo wangu alifariki bila kufungua mdomo.

"Mama."

Akashtuka, unga ukamwagika sakafuni.

"Usimwambie baba yako mdogo! Mwanangu, kwani hamuwaoni? Siku ile umeme umekatika nilikuletea chakula, nikawakuta wamekuja juu wote, midomo wazi. Nikawapa. Kesho yake wakaja wengi zaidi. Nyie mnawatilia kidogo mno. Mtoto anakufungulia mdomo, unamwachaje?"

Ningeweza kunyamaza. Ndiyo kazi ninayoijua kuliko ile niliyosomea.

Lakini stoo ilikuwa ng'ambo ya ukuta tu, na nilimsikia Jemedari akiguna kwa maumivu.

"Mama, hawana njaa. Wanakosa pumzi. Chakula kikizidi kinaoza, kinamaliza hewa ya majini. Wanapanda juu kuitafuta."

Alitazama tangi. Akatazama kiganja chake, bado kina unga.

"Kwa hiyo wale wa mwanzo, siku ya umeme, walikuwa wanakosa pumzi..."

"Ndiyo, mama."

"Na wale wengine?"

Nikaifunika ndoo ya chakula.

Akajifuta mkono kwenye gauni, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayetoa gundi. Kisha akatoka. Nikamfuata. Baba mdogo alikuwa uwanjani na simu sikioni.

"Mfungulie yule mtu. Ni mimi."

"Shemeji, nenda jikoni, tutaongea."

"Nimesema ni mimi! Nimewaua mimi, kwa mkono huu!"

Sijawahi kusikia mama akipaza sauti, si kabla wala baada ya siku ile. Hata madereva walisogea nyuma.

Jemedari akatolewa. Jicho moja limefumba, mkono wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto.

Baba mdogo alimuuliza polepole, kama anayeogopa jibu. "Kwa nini hukusema kuwa anaingia?"

"Alikuwa analia humo ndani, bosi. Nilimsikia siku ya kwanza. Nikajua mama wa watu amepata pa kulilia, nikawa namfungulia." Akatema damu pembeni. "Kilio cha mtu si taarifa ya kupeleka kwa mkubwa."

Akainama, akaokota kofia yake.

Kabla ya kuondoka alichungulia ndani kuelekea kwenye matangi, akasimama wima. Alitaka kupiga saluti. Mkono ukakataa kupanda.

Hajarudi tena. Nimemtafuta, sijampata.

Alasiri nzima nilibadilisha maji ya lile tangi kwa ndoo. Wengi walikufa mikononi mwangu. Waliopona ni wachache, ila walitosha kituo kisifungwe, na uani bado tupo. Baba mdogo alimwambia mama aingie kwenye jengo wakati wowote apendao. Kwake hiyo ndiyo kuomba radhi.

Mama hajaingia. Kila mchana anasimama dirishani, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kushika vitu vya watu. Hamtaji Jemedari. Haulizi kama wamekula.

"Wanapumua?"

"Wanapumua, mama."

Ndipo anarudi jikoni.

Ndugu zangu, si kila mdomo ulio wazi una njaa. Kabla hujachota cha kutia, uliza kwanza mwenzako anakosa nini. Siku ile Jemedari anapigwa, mdomo wangu pia ulikuwa wazi, nao haukukosa chakula wala hewa.