Nilivyomnyang'anya dada mausi

Leo mkono wangu huu ulikaribia kumfuta baba.

Anazikwa kesho kijijini kwetu, upande wa Congo. Bosi hapa Koboko, Uganda, amenikatalia ruhusa. Basi angalau picha yake, ile moja tuliyonayo kwenye flashi, ichapishwe, ifike iwekwe juu ya jeneza. Dereva wa lori linaloenda mpakani Vurra alikubali kuibeba, na alishaanza kupiga honi.

Na dada wa duka la kuchapisha? Anaondoa maneno kwenye ile menyu inayotokea ukibonyeza mausi ya kompyuta upande wa kulia!

"Dada, acha mchezo, gari iko naenda!"

"Ngoja, ndugu yangu. Wateja wanabonyeza ovyo."

Sikungoja. Nikachomeka flashi, nikamnyang'anya mausi. Kiingereza sikijui, nikafungua ile menyu na kubonyeza tu neno la mwisho.

Dada akapiga kelele.

Flashi ikafunguka. Baba yupo, na kofia yake.

Dada akakaa chini. "Hapo mwisho palikuwa na neno la kufuta flashi yote. Nimeliondoa sasa hivi, sikujua kama kompyuta imekubali. Ungekuja mapema kidogo, ungemuua mzee mara ya pili."

Akaichapisha picha, na lori limeondoka nayo. Mimi nililikimbilia bila hata kumwambia dada asante.

Jamani, nyinyi mngemwambia nini?